Utangulizi wa Elimukombe: Matundu ya Vikombe vya Lubumbashi na Madaraja Yake

Mwanafunzi, funga mlango, kaa wima, weka kikombe chako mezani na usikinywee. Kuanzia sasa hicho si chombo cha chai, ni kielelezo. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na tangu hapo wakazi wake wameshika vielelezo vya namna hii kila asubuhi bila kuvipanga kwa utaratibu unaostahili. Wauzaji wa soko la Kenya, mtaa wa humu mjini, huvipanga kwa rangi. Akina mama huvigawa katika vya wageni na vya watoto. Hayo ni mazoea, si sayansi.

Elimukombe ina matawi mengi, lakini usanifu wa kisasa unahusu tawi moja tu, nalo ni tunduhesabu.

1. Fasili. Tundu ni uwazi unaopenya kutoka upande hadi upande. Uwazi wa juu, ambamo chai humiminwa, si tundu, kwa kuwa kidole kikiingia humo hakitokei popote. Huo tunauita bondetumbo. Tundu halisi la kikombe liko kwenye sikio lake, pale vidole vinapopita. Wanahisabati wa topolojia, ambao hawajali umbo mradi matundu yalingane, hufundisha kwamba kikombe chenye sikio na donati ni kitu kimoja: kila kimoja kina tundu moja, na kama vingekuwa vya udongo mbichi, kimoja kingefinyangwa kikawa kingine bila kuchana wala kuziba. Walipofika hapo wakaridhika. Sisi tunaendelea: idadi ya matundu ya chombo ndiyo daraja lake.

2. Daraja sifuri. Humu mna vikombe visivyo na sikio: gilasi, kikombe cha karatasi, kikombe cha plastiki cha kunywea munkoyo. Usanifu wa kisasa unalipenda daraja hili kwa sababu ya mpandano, yaani kikombe kipana juu na chembamba chini kuingia ndani ya mwenzake. Katika mji ulio mbali na bahari zote, ambako bidhaa nyingi huja kwa lori kutoka bandari kama Dar es Salaam au Durban na kuvuka mpaka Kasumbalesa, sikio ni hewa inayolipiwa nauli. Mjerumani Nick Roericht, alipokuwa mwanafunzi (kama wewe, ila mwenye bidii) wa chuo cha usanifu cha Ulm mwishoni mwa miaka ya 1950, alisanifu vyombo vya TC 100, na kupandana ndiyo fahari yake. Soma kumhusu, lakini usimsifu kupita kiasi, matundu hakuyahesabu.

Kitumbua cha Lubumbashi, kile cha ngano kinachokaangwa kikawa duara, nacho hakina tundu. Ni cha daraja sifuri. Basi anayekula kitumbua huku akinywa chai kwa kikombe chenye sikio anachanganya madaraja mawili, na jambo hili hutendeka hadharani, mbele ya watoto.

3. Daraja la kwanza. Hapa ndipo ustaarabu ulipo, kwa hiyo tutakaa.

Kielelezo mama ni kopo la enameli: chuma chembamba kilichovikwa unga wa kioo na kuokwa kwa joto la nyuzi 800 hivi, mwili mweupe, ukingo wa bluu. Chuma kinapitisha joto upesi, hivyo mdomo huungua kabla ulimi haujapata habari. Jibu la kisasa ni kopo la inox, yaani chuma kisichoshika kutu, lenye kuta mbili zilizoondolewa hewa katikati, kanuni aliyoibuni James Dewar mwaka 1892. Uwazi ulio kati ya kuta hizo usikudanganye! Si tundu wala bondetumbo, ni pangofungwa. Hakuna kidole kinachoweza kulifikia, na aliyejaribu aliharibu kopo.

Masikio yenyewe yana spishi: 1a, la kidole kimoja, 1b, la vidole viwili, kidole kidogo kikibaki nje bila kazi, 1c, la ngumi nzima, na 1d, ambamo hapapiti kidole chochote cha mtu mzima. Katika 1d tundu lipo kihisabati ila kijamii halipo. Hivi ndivyo vikombe vya kabati la vioo sebuleni, vinavyongoja mgeni ambaye hadhi yake haijawahi kufikiwa na mgeni yeyote aliyekwisha kuja. Kuhusu kopo lenye picha ya harusi, ambayo huhamishwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200, sina la kusema. Picha haina tundu.

Bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, lenye mita 153, liko wazi juu na wazi chini. Tundu moja. Nembo ya mji wetu ni kikombe, na nashangaa kwamba nalazimika kulisema.

Utauliza, maana wanafunzi huuliza, kwa nini mji wa shaba haunywi kwa shaba, ilhali jimbo zima liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko inox, na kinywaji kichachu kama munkoyo huimung'unya. Ndiyo maana vyombo vya shaba aghalabu hupakwa bati ndani. Misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama fedha haina tundu hata moja. Iweke pamoja na gilasi.

4. Daraja la pili. Kombe la kawaida la michuano lina masikio mawili, na halinywewi. TP Mazembe, klabu ya soka ya mji wetu, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mara mbili za kwanza klabu iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Na tairi, mwanafunzi, ina tundu moja. Kwa hiyo kikombe kilishinda kombe.

Sasa sikiliza kwa makini. Kopo la enameli lililoliwa na kutu hadi likatoboka kitako lina tundu la sikio na tundu la chini. Jumla ni mawili. Kihisabati limepanda cheo na kukaa sawa na kombe la mabingwa. Mama anayelipandia kitunguu nyuma ya nyumba mtaani Katuba amelima ndani ya taji.

5. Mtihani. Sikio limevunjika upande mmoja, kipande kilichobaki kimesimama kama nundu. Taja daraja. (Anayejibu “nusu” atarudia mwaka.) Saa mbili, kalamu ya bluu. Donati haziruhusiwi katika chumba cha mtihani.