Chochote, Ila Kisiwe cha Mchina

Ndugu zako wakishajua umekata tiketi ya kwenda nyumbani likizo, simu huanza kuingia kwa mpangilio wa ukoo, wakubwa kwanza. Hakuna anayeomba zawadi. Wanaulizia afya, watoto, baridi ya huko, kisha sauti inashuka kidogo: "Sasa mwanangu, kama utajaliwa nafasi kwenye begi..." Hapo ndipo orodha inapoanza, na mwisho wa orodha lipo sharti. Shangazi yangu wa Tanga hulitamka bila kupepesa: "Chochote utakachojaliwa, ila kisiwe cha Mchina. Wachina tunao Kariakoo."

Sharti hilo ukilisikia ukiwa kulekule Tanga, mtaani Ngamiani, lina mantiki. Ukilisikia ukiwa huku kwetu East Ham, ni adhabu. London ina maduka mengi kuliko subira yangu, lakini hebu jaribu kutafuta ndani yake kitu kilichotengenezwa Uingereza. Hata saa ndogo za mnara wa Big Ben wanazouziwa watalii, ukizigeuza chini, aghalabu utakuta zimesafiri kutoka mbali kuliko mtalii mwenyewe.

Safari hii shangazi alitaka koti la mwanawe aliyepata kazi Arusha. Koti la Uingereza, tena Uingereza ya kweli. Basi nikaingia duka moja kubwa la Oxford Street nikaanza msako. Mnunuzi wa kawaida hutazama bei, halafu saizi, halafu anajitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa napindua makoti ndani nje, natafuta kile kitambaa kidogo kilichoshonewa ubavuni, navaa miwani, nasoma, natikisa kichwa, narudisha. Bangladesh. Vietnam. Uturuki. China. Kambodia. China tena. Nilipofika kwenye safu ya tatu nikaona nina msindikizaji. Mlinzi wa duka, kijana mrefu mwenye koti jeusi, kila nikihama naye anahama. Mwisho uvumilivu ukamwishia: "Mzee, unatafuta nini humo ndani?"

Nikamweleza habari za shangazi. Uso ukamlainika palepale. Alikuwa Mghana, na mama yake aliyeko Kumasi ana sharti lilelile, neno kwa neno. Tukagawana kazi, yeye makoti ya kulia, mimi ya kushoto, tukawa tunatangaziana nchi kwa sauti kama watu wanaosoma matokeo ya uchaguzi. Tuliendelea hivyo mpaka msimamizi wake akapita na kumtupia jicho lililomrudisha mlangoni bila neno.

Koti nililolipia hatimaye halikutaja nchi yoyote. Lebo yake ilitamka kwa nyuzi za dhahabu kwamba limebuniwa London, ikaishia hapo. Limebuniwa London, lakini limeshonwa wapi, siri yao. Na siri hiyo ni halali. Sheria ya Uingereza inakataza kumdanganya mnunuzi, lakini hailazimishi nguo itaje kwao. Mboga na matunda mabichi lazima yataje nchi yalikotoka. Nyama ya ng'ombe lazima iseme mnyama alizaliwa wapi, akalelewa wapi, akachinjiwa wapi. Kwa hiyo katika mji huu unaweza kuujua ukoo wa mchuzi wako vizuri kuliko ukoo wa suruali uliyoivaa wakati unaula.

Si kwamba hawakujaribu. Mwaka 1981 serikali ya Uingereza ilitoa amri kwamba nguo, viatu, vyombo vya umeme vya nyumbani, visu na uma vitaje nchi vilikotoka vinapouzwa rejareja. Mwaka 1985 Mahakama ya Ulaya ikaitupilia mbali amri hiyo. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba lebo za namna hiyo huwapa wanunuzi nafasi ya kutumia chuki walizonazo dhidi ya bidhaa za kigeni. Majaji wale walikaa Luxembourg na hawakuwahi kufika Tanga, lakini shangazi walimwelewa kabisa.

Na haki yake nimpe: ugonjwa huu hakuuanzisha yeye. Katikati ya karne ya 19, wanunuzi wa Zanzibar na bara walikuwa wakitaka merikani, kitambaa cha pamba cha viwanda vya Massachusetts, na mfanyabiashara aliyewapelekea kingine alirudi nacho. Waingereza wakaiga, wateja wakapapasa, wakajua. Ilibidi Wamarekani wapigane wao kwa wao kuanzia 1861, pamba ikaadimika, ndipo vitambaa vya Manchester na Bombay vikapata upenyo. Yaani wakati mmoja babu zetu walikuwa wakisema chochote, ila kisiwe cha Mwingereza.

Waingereza nao walikuwa na Mchina wao, akiitwa Mjerumani. Mwaka 1887 Bunge la London lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, ili visu na mikasi kutoka ng'ambo visijifanye vya Sheffield. Wajerumani walilazimika kuandika kwao ni wapi, na tegemeo lilikuwa kwamba mnunuzi akisoma ataona aibu na kukirudisha. Mnunuzi akasoma, akanunua, akafika nyumbani, kisu kikakata. Akarudi kununua kingine, safari hii akilitafuta jina hilohilo. Alama iliyobandikwa ili iwe fedheha ikageuka tangazo la bure, na hadi leo shangazi akiona neno Ujerumani kwenye pasi ya umeme, anaifuta vumbi kwa heshima. Nikimwambia kwamba huenda wajukuu zake wakaliona neno China kwa jicho hilohilo, anakata simu. Simu yenyewe ni Tecno, ya kampuni ya Shenzhen.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kilitokea Surbiton, kusini-magharibi mwa jiji hili. Pauni ilikuwa imeshushwa thamani, uchumi unayumba, na mwanzoni mwa 1968 makatibu muhtasi watano wa kampuni moja wakajitolea kufanya kazi nusu saa zaidi kila siku bila malipo, kuiokoa nchi. Magazeti yakawabeba. Ikazuka kampeni ya kitaifa ya kuiunga mkono Uingereza, ikiwa na beji, bendera, na hata wimbo ulioimbwa na mchekeshaji Bruce Forsyth. Zikatoka na fulana za kampeni. Mtu akaigeuza mojawapo, akatazama ndani ya shingo: imetengenezwa Ureno. Muuzaji akajieleza kwamba fulana ya Kiingereza ya ubora ule kwa bei ile haikupatikana. Kila ninapopindua koti dukani huwa nawakumbuka wale akina dada na nusu saa zao.

Upande wa pili wa bahari huwa tunajiona tumesalimika, kwamba sisi tulioko huku tunajua cha kwetu. Mke wangu aliamua kushona vitenge vya sare kwa harusi ya mdogo wake, tukaenda Peckham, Rye Lane, ambako maduka ya vitambaa yamepangana mlango kwa mlango. Mama muuzaji, Mnaijeria mwenye sauti ya kuhubiri, akashusha gombo, akalikung'uta mbele yetu. "Hiki ndicho cha Kiafrika halisi," akasema, "si zile feki." Mke wangu akauliza kimetoka wapi. "Uholanzi," akajibu, bila kupepesa.

Na alisema kweli. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, ipo tangu 1846, na vitambaa vyake ndivyo vinavyoheshimika kuliko vyote katika masoko ya Afrika Magharibi. Zile feki alizozisema zilikuwa za China. Mke wangu akanigeukia. "Bora tungetumia kanga alizoleta mama." Tulipofika nyumbani tukazitoa kabatini, tukazigeuza ukingoni. India.

Mama mkubwa yeye ombi lake ni jepesi: chai ya Kiingereza. Anaishi Lushoto, mahali ambapo ukifungua dirisha Usambara inakuletea harufu ya majani ya chai. Lakini anataka ya kwenye boksi, lenye picha ya vilima vya kijani na ukuta wa mawe, Uingereza tupu. Vile vilima havijawahi kuota hata kichaka kimoja cha chai ya kujaza boksi hilo, kwani chai nyingi kuliko nyingine zote inayonywewa Uingereza hutoka Kenya. Hata mnada wa chai wa London, ulioanza 1679, ulifungwa 1998, na wa Mombasa ukabaki ukiendelea. Hivyo huwa naibeba chai ya Afrika Mashariki kwenye begi la kilo 23 kuirudisha Afrika Mashariki, nayo imekaa ndani ya boksi lake kama mwanafunzi aliyerudi kutoka ng'ambo na lafudhi mpya. Mama mkubwa huionja, hufumba macho. "Hii sasa ndiyo chai," husema. "Siyo hizi zetu."

Na mimi nina udhaifu wangu. Nikiingia supamaketi naelekea moja kwa moja kwenye yale maharage mabichi membamba yaliyokatwa urefu mmoja, kwa sababu pakiti yake imeandikwa Kenya. Mke wangu hunitazama. "Wewe Mtanga, Kenya imekuwa kwenu lini?" Hajui kwamba ukivuka bahari uzalendo unapanuka, ukikaa sana utajikuta unashangilia hata ndizi ya Kamerun. Kwamba nyumbani sikuwahi kuyala maharage hayo ni jambo jingine.

Siku moja jirani yetu Mwingereza, mtu mwema mwenye bustani na baiskeli, alinikuta nayo kwenye kikapu. Akayatazama kwa huzuni, akasema yamekuja kwa ndege, tuifikirie dunia. Mwaka 2007 maduka mawili makubwa ya nchi hii yalianza hata kubandika alama ya ndege kwenye mazao kama hayo, ili mnunuzi ajisikie vibaya kwa hiari yake. Nikamwambia kwamba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cranfield kililinganisha waridi la Kenya na la Uholanzi, kikaona la Kenya, pamoja na ndege yake, lilichafua hewa kidogo kuliko la Uholanzi, lililopashwa joto na kumulikwa taa ndani ya banda. Jirani akafikiri, akanitakia jioni njema. Wiki iliyofuata akaniletea maharage ya bustani yake mwenyewe. Yalikuwa matamu, na yalikuwa tisa.

Lakini nisilifanye swali lenyewe kuwa upuuzi, maana mtu wetu mmoja aliwahi kuliuliza hapahapa London na dunia ikasikiliza. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn, Julius Nyerere, kiongozi wa TANU wa nchi ambayo bado haikuwa huru, alizungumza kwenye mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Alikuwepo pia Padri Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alikuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi. Ombi lao halikuhitaji bunduki wala kura. Walimtaka mama wa London aliyeshika kikapu aulize kabla ya kulipa: tunda hili limetoka wapi? Mwezi Machi 1960 ukatengwa kuwa mwezi wa kususia, na ndani ya mwezi huo polisi wakaua watu Sharpeville. Harakati ile ikawa Anti-Apartheid Movement, na kwa zaidi ya miaka 30 watu hawakuacha kuligeuza tunda dukani na kulirudisha.

Swali ni lile la shangazi, ila walikuwa wakitafuta jibu jingine. Walitaka kujua nani ameumizwa mpaka tunda likafika mezani. Shangazi anataka kujua nani ataumia roho akimwona mwanawe na koti la London. Lile la kwanza ni gumu, kwa sababu lebo hailijibu. Inakutajia nchi, haikutajii ujira wa fundi wala saa alizokaa kwenye cherehani. La pili halihitaji hata lebo. Koti lilipofika Tanga shangazi alisoma lile neno moja alilolitaka, akatabasamu, na kufikia swala ya alasiri mtaa mzima ulikuwa umelipapasa.

Nyumbani kwetu East Ham mke wangu amelimaliza suala hili kwa njia yake. Tulikuwa mbele ya rafu ya maparachichi, mimi nimevaa miwani nasoma vibandiko kimoja kimoja: Peru, Kolombia, Israeli, Kenya, nikitafuta la Njombe au Rungwe, huku foleni ikikua nyuma yangu. Akanipokonya kikapu. "La Tanzania likiwepo, lichukue," akasema. "Lisipokuwepo, chukua la mtu asiyemwonea mwenzake. Na kama hujui, chukua lililoiva." Tukayabonyeza yote. Hakuna nchi iliyokuwa imeiva.