Kitu cha Mikono

Vuli ya Kagera ina kazi mbili: kunywesha migomba na kuleta senene. Siku hizi imeongezewa ya tatu, kutuletea wajukuu huku Muleba na agizo la mama yao kutoka Dar: “Mama, mfundishe mtoto kitu cha mikono.”

Haya mwanangu. Wahaya wa zamani walivaa rubugo, gome la mti lililopondwa hadi likalainika, wala hakuna aliyepanda basi kufuata malighafi. Mimi nadarizi kwa mshono wa msalaba, kama masista walivyotufundisha, kwa hiyo lazima niende Bukoba mjini. Duka la kwanza lina uzi wa cherehani tu. La pili lina nyuzi za kudarizi za kila rangi isipokuwa kijani, nami nataka kudarizi mgomba! Muuzaji ananitazama kwa huruma. “Bibi, si uchukue hivi vilivyokwisha tengenezwa?” Ananitandikia vitambaa vya kochi kutoka China, vyenye maua ambayo hata nyuki wa Kamachumu hawayajui.

Mjukuu alishona misalaba mitatu, akajichoma kidole, akaulizia chaja. Jioni senene walipojaa kwenye taa, alinyonyoa mabawa na miguu ndoo nzima bila kuinua kichwa. Hiyo, mama yake anasema, si kazi ya mikono.

Juzi kaweka kwenye kundi la familia picha ya kitambaa changu cha mezani, nilichodarizi kabla yeye mwenyewe hajazaliwa: “Kazi ya mwanangu, wiki moja tu kwa bibi!” Pongezi zikamiminika. Nami nikatuma kopa.