Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mitaro na Makaravati

Waheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi na dua ya afya njema kwenu na kwa magari yenu, wa baadu: mimi ni mkulima wa karoti na kabichi hapa Kwai, nami nimethubutu kushika kalamu, kwa taadhima yote niliyosalia nayo, mintarafu ya yale makaravati mawili mliyotukirimu, na mintarafu ya ile alama nyekundu ya X mliyoichora ukutani mwa jiko la shangazi yangu.

Karavati la zamani, mtakumbuka, lilikuwa moja, la zege, kipenyo chake sentimita 120. Nalo lilipopasuka kwa uzito wa malori ya mboga mkatuletea mawili ya sentimita 60, na bwana aliyeyasimamia akatufafanulia, kwa upole wa mtu asemaye na watoto wa chekechea, kwamba nusu mbili ni nzima. Hisabu hiyo tuliipokea kwa adabu. Walakini mpwa wangu asomaye ujenzi alikuja likizo na kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeitoa mwaka 1889, akatuonyesha kwa kalamu ya risasi kwamba bomba likipunguzwa kipenyo kwa nusu, ilhali mteremko na zege ni vile vile, hupitisha maji yasiyofika hata sehemu moja ya sita ya yale ya awali. Basi mawili kwa pamoja hayatimizi theluthi. Yaliyobaki hupita barabarani, kisha kwangu, kisha kwa shangazi. Masika iliyopita nilisimama pale usiku, maji yakinifika mapajani, nikiuchokoa mdomo wa bomba kwa mti wa mkaratusi huku kijana akinimulikia kwa simu, na kilichotoka kwanza kilikuwa kandambili ya mtoto, kisha likafuata fungu zima la karoti zangu, zimeoshwa zikatakata, tayari kwa soko la Kariakoo.

Ni insafu kukiri kwamba kijito nacho kimebadilika tabia. Zamani mvua ikinyesha adhuhuri, chenyewe kilijaa magharibi, taratibu, kama mzee atokaye msikitini, kwa kuwa maji yalinywewa kwanza na msitu na mashamba, na hayo yaliyonywewa yakarudi kidogo kidogo chemchemini hadi mwisho wa kiangazi. Siku hizi huko juu pana mabati, nyumba za wageni zenye viwanja vya saruji, na barabara yenu yenye mitaro laini kama sahani. Milimita 20 za mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000, yaani ndoo 100 za kisimani, na zote humiminwa mtaroni kwa wakati mmoja. Kijito hufika kabla mvua haijakatika. Na ukija mwezi wa Septemba hakitoshi kulowesha tuta moja la vitunguu.

Maadamu kosa ni lake, naomba kwa hisani yenu kiitiwe semina elekezi. Iwe ya siku tatu, katika ukumbi wenye viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, na bango kubwa likikitaja kijito kuwa ni mdau muhimu. Mgeni rasmi akifungue macho kuhusu uzalendo; kisha mwezeshaji akifundishe, kwa picha za ukutani, namna ya kubana mbavu na kuvuta tumbo ndani mpaka kipite katika sentimita 60 bila kuigusa barabara. Baada ya chai na sambusa kigawanywe makundi mawili, la bomba la kulia na la bomba la kushoto, na kila kundi lisome maazimio yake. Posho ya kujikimu hakitadai, lakini tafadhali kisaini karatasi ya mahudhurio, maana naelewa kwamba pasipo karatasi hiyo hesabu zenu hazifungi. Mwishoni kipewe cheti, nacho kitiwe plastiki, kwa sababu zinazoeleweka. Nawasihi tu msikiandikie saa tatu nanyi mkatokea saa tano: kijito cha siku hizi hakisubiri, na ukumbi ni wa kukodi.

Mvua nayo ipangiwe saa za kazi. Milima ya Usambara, fungu likiruhusu, isawazishwe kidogo.

Sasa hiyo X ya bomoabomoa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataja mita 60 zisizojengwa kutoka ukingoni mwa kijito, nasi hatubishani nayo. Jiko la shangazi lilikuwa mita 63. Maji yatokayo katika mabomba yenu kama risasi yameung'ata ukingo mita 5, nanyi mkaja na futi yenu mkapimia pale kijito kilipo leo, mkamwambia mjane ambaye hajasogea hata hatua moja kwamba amekivamia kijito, ilhali zile nyumba za wageni zimwagazo maji hazina hata nukta nyekundu. Majirani zetu wa Mlalo walishurutishwa na Waingereza, tangu mwaka 1946, kulima matuta ili maji ya mvua yasikimbie. Nyinyi mwachimba mitaro ili yakimbie, kisha mwatuita sisi wenye majembe waharibifu wa mazingira. Wallahi hamna haya!

Niwieni radhi. Nilikusudia kuandika kwamba hamna nafasi, kwa wingi wa majukumu.

Wenu mtiifu,
Mkulima wa Kwai

Tanbihi: Leo alfajiri, baada ya mvua ya usiku, nimepima tena, nisije nikawataabisha kupanda mlima na futi. Ni mita 56 na nusu. Rangi ya X bado inasomeka vizuri.