Pointi 68

Ntsk! Ebu wekeni chai chini kidogo. Hili jambo limenikaa kooni tangu jana.

Jana jioni nilikuwa pale Boulevard de la Libération, hapa Bunia, kwa yule kijana wa sekretaria mwenye meza moja, kompyuta moja na jenereta yenye kelele. Nilimsindikiza mpwa wangu, mtoto wa dada. Anaomba nafasi ya kusoma masta kwenye chuo kimoja upande wa Uganda. Huyu mtoto amesoma chuo kikuu miaka 5, mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, na katikati ya hiyo miaka tumehama nyumba kwa risasi mara mbili. Akamaliza na pointi 68 kwa mia. 68! Nyinyi mliopita mikononi mwa walimu wa hapa mnajua jasho la pointi hizo. Mnajua darasa zima linaweza kutoka bila mtu hata mmoja kugusa 70.

Sasa soma karatasi yake. Chini kabisa, karibu na muhuri, imeandikwa satisfaksioni. Katika mfumo wetu wa zamani kuanzia 50 mpaka 69 jina lilikuwa hilo moja. Distinksioni ilianza 70, distinksioni kubwa 80, na ile kubwa kupita zote 90. Aliyepata 50 kwa kuvutwa na aliyepata 68 kwa kukesha wanavaa shati moja. Mfasiri naye akalipeleka neno kwa Kiingereza vilevile lilivyo. Basi anayelisoma kule anamwona mtoto aliyeridhisha tu, mtoto wa katikati, na file za wengine zimejaa mezani. Atamwita wa nini?

Lisansi nayo, jamani! Lisansi yetu ya zamani, ukihesabu na gradua, ni miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeingiza vyuo vyote kwenye mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), na lisansi ya LMD ni miaka 3. Neno ni lilelile, ila miaka miwili ya mtu imemezwa humo ndani. Uganda shahada nyingi za kwanza ni za miaka 3, kwa hiyo wamemwandikia mpwa wangu barua wakimuuliza kama alichonacho ni shahada ya kwanza kamili. Miaka 5, wanauliza kama imetimia 3! Alipoisoma barua hiyo alinyamaza, akaanza kukunja pembe ya karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi moyo uliniuma.

Mtu atasema asome hapahapa. Asome wapi? Chuo Kikuu cha Bunia chenyewe kilianza kama tawi la Kisangani, na kile cha Kisangani kipo tangu 1963. Tuna vichwa hapa, lakini maprofesa wenye udaktari ni wachache, na masta bila maprofesa haiendi. Kwenda Kisangani ni barabara ya Komanda na Mambasa, na mama gani hapa atalala usingizi mtoto wake akiwa kwenye lori la njia hiyo? Usalama hakuna; hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa kwetu Mei 2021.

Na chuo hicho kinataka pia barua mbili za mapendekezo! Maprofesa wengi waliomfundisha walikuwa wageni. Profesa anashuka na ndege, anafundisha kozi nzima kwa wiki mbili asubuhi mpaka jioni, anasahihisha, anarudi alikotoka. Leo ndiye wa kuandika kwamba anamfahamu mwanafunzi huyu vizuri. Mmoja aliandika, Mungu ambariki, alimkumbuka kwa swali aliloliuliza siku ya mwisho.

Wazungu waliotuletea LMD, kufuatia mkutano wao wa Bologna 1999, wana desturi ya kumpa mhitimu karatasi ya pili pamoja na diploma: amesoma miaka mingapi, pointi zinahesabiwaje, 68 ya kwao ni kitu gani. Mpwa wangu alipewa diploma na orodha ya pointi, basi. Ukurasa mmoja, muhuri mmoja, sahihi ya apariteri wa chuo! Karatasi hiyo haingoji amani irudi upande wa Djugu, wala haingoji barabara. Karani anaweza kuipiga chapa leo mchana.

Mwishowe tuliiandika wenyewe. Mimi natamka, yeye anasahihisha, kijana anapiga chapa: miaka 3 jumlisha 2, kisha ngazi zote, 50, 70, 80, 90, na kwamba yeye alibakiza pointi 2 tu kuingia distinksioni. Tukaiweka mbele ya file, tukatuma.

Nikatoa pesa nilipe. Yule kijana akaniambia, "Papa, hii karatasi niachie nakala. Wiki hii wamekuja watatu na barua kama hiyo, niliwarudisha nyumbani."