YAH: Maombi ya MC wa kutangaza majibu ya saratani

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Sisi wa benchi la koridoni, tunaosubiri majibu ya kipimo cha kinyama, tunakusalimu na kukushukuru. Kwingine mgonjwa huketishwa chumbani na nduguye, mlango ukafungwa, ndipo akaambiwa. Kwako daktari husimama mlangoni, mkono kitasani: "Mama, hii saratani ya titi. Nenda dirisha la malipo." Kasoro ni moja tu: tuliokaa nyuma hatusikii vizuri.

Kwa hiyo tunaomba MC. Yuleyule wa maharusi, suti ya kumetameta, spika mbili kubwa. Jina likiitwa, taarab ipigwe kidogo, mgonjwa apite katikati kwa mwendo wa madaha, mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yake. MC ataje kiungo kwanza, anyamaze tuhangaike, kisha: "Hatua ya tatuuu!" Vigelegele. Hapohapo kadi za mchango wa kemo zigawiwe, sare ya vitenge ikipatikana si vibaya. Wenye simu warushe mubashara, maana habari hufika mtaani kabla mwenyewe hajashuka daladala. Heri ifike na picha nzuri.

Mengine ni madogo. Bango la "Ni marufuku kulia hapa". Mashine ya mionzi ikiharibika, tuambiwe kabla ya kupanda basi la mkoani. Benchi liongezwe mguu.

Mwaka 2000 Dkt. Walter Baile na wenzake walichapisha hatua 6 za kumpa mgonjwa habari mbaya. Ya kwanza haihitaji mfadhili: faragha, na kuketi. Kuna hata kipimo cha msongo, 0 hadi 10, mgonjwa anajiwekea alama mwenyewe. Ikifika 4, mtu akae naye wazungumze. Kinataka karatasi na kalamu. Kalamu mnazo, dirisha la malipo limejaa kalamu! Yule mama wa saratani ya titi alibaki pale mlangoni na khanga mdomoni, akauliza, "Nitakufa?" Akaitwa anayefuata. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamshinda, kliniki hakurudi tena. Nanyi mkamwandika kwenye faili: mtoro. Mtoro! Nani aliyemtorosha?

Samahani kwa kupandisha sauti, nilidhani MC ameshaajiriwa.

Tunajua bajeti ni finyu na MC mzuri ni ghali. Ikishindikana kabisa, Ndugu Mganga Mfawidhi, waambie madaktari wako wafunge mlango na wakae chini.

Wako mtiifu,
Mgonjwa (faili linatafutwa)