Fundi wa Nyumbani

Jirani yangu hapa Tunduma, mwenye bodaboda ya Boxer, ameachana na mafundi, na nampongeza. Ya nini kumlipa mtu wakati spana ya kuazima ni bure?

Kitabu cha pikipiki kinataka oili mpya. Kitabu hakiijui Tunduma. Oili aliyoimwaga dereva wa lori kwenye foleni ya Nakonde imeshavuta tani 30. Itashindwaje na Boxer? Weusi wake ni uzoefu tu.

Nati ya chini aliikaza kwa nondo na nyundo. Sasa imetulia kama Kimondo cha Mbozi, tani zaidi ya 10 za chuma, na hakuna anayekihamisha.

Oili chakavu nayo ina safari yake. Bomba la TAZAMA linahitaji kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam kufikisha mafuta Ndola. Yeye anaifikisha mtaroni kwa hatua nne, mtaro unamalizia bondeni, kwenye mchicha. Mchicha unang'aa kabla haujaingia kikaangoni.

Na moshi ule wa bluu! Abiria wanamtambua tangu Mpemba. Tangazo gani lingekuwa zuri hivyo?

Jana nilimkuta anaisukuma pikipiki kupandisha mlima. Mazoezi, shemeji, aliniambia. Mazoezi.