Ngeli za Utulivu

Watu wanaotafuta utulivu kwa njia ya Dao, falsafa ya kale ya China, wameshachunguzwa na wanafalsafa na wauza vitabu, lakini hakuna aliyewapanga kwa ngeli. Pengo hilo tunaliziba hapa, kwa unyenyekevu wa kisomi.

Ngeli ya A-WA ina mlalaji, wingi walalaji. Kielelezo chake bora kilijitokeza China mwaka 2021, pale vijana waliochoshwa na 996 (kazini saa tatu asubuhi, kutoka saa tatu usiku, siku sita kwa wiki) walipoamua *tang ping*, yaani kujilalia chali. Msomi mkali atasema huyu si mfuasi wa Laozi, mwalimu wa Dao: amegoma, na kugoma nako ni kazi. Mimi simlaumu. Saa 72 si mchezo.

KI-VI ni ngeli ya vitulizo: kikombe cha udongo, kijimto cha kukalia, kikengele cha simu kinachokukumbusha kila saa kwamba usahau muda. Sijawahi kukuta kitulizo kikiwa peke yake.

Katika LI-YA, kwa hali ya ukubwa, tunapata jitulivu. Hutambulika kwa mlio wake, “Mimi siku hizi sina presha na mtu,” ambao husikika zaidi kwenye foleni ya benki, likiwa limeshawaruka watu watatu.

Utulivu wenyewe uko ngeli ya U na hauna wingi. Wauza vitulizo hawakusoma sarufi.

Kizungumkuti ni *wu wei*, fundisho kuu la Dao. Wengi huifasiri “kutotenda”, nayo ikaangukia ngeli ya KU, ambamo neno huwa kitenzi na jina kwa wakati mmoja. Lakini katika kitabu cha Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa Dao, anayeielewa hajalala popote. Ni mpishi anayepasua ng'ombe. Kisu chake kina miaka 19 na bado kikali kama kimetoka kwenye kinoo, maana hakigombani na mfupa, kinapita penye uwazi wa viungo. Akifika penye fundo, hupunguza mwendo.

Nilikwenda maabara, yaani jikoni kwa shangazi, kulijaribu hilo kwa kuku. Pigo la kwanza lilitua kwenye mfupa, la pili kwenye ubao. Shangazi akaninyang'anya kisu. Akalikunja paja kwa nyuma, akapapasa kwa kidole gumba mpaka akalipata pengo la kiungo, kisu kikateleza, paja likabaki mkononi. Nikatoa daftari, nikamwuliza ufundi huo anauitaje.

“Kukata kuku, baba,” akasema, akashika paja la pili.